Zaidi ya Modi ya Otomatiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kamera za Dijitali

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana kamera ya kubadilisha lenzi, iwe ile yenye kioo ndani au ya kizazi kipya isiyo na kioo, na ambaye anajua kuiwasha na kupiga, lakini gurudumu lake la modi limeganda kwenye otomatiki tangu siku ilipotoka dukani. Mifano imechukuliwa kutoka kazi zinazowapata wapiga picha wengi wa Afrika Mashariki: harusi, mahafali, picha za familia na safari za mbugani. Majina ya vitufe hutofautiana kati ya Canon, Nikon, Sony na wengineo, hivyo panapoweza kuleta utata nimetaja zaidi ya jina moja.

Kwa nini kanzu nyeupe hutoka ya kijivu na buibui hutoka limepauka, ilhali kamera ni ya bei kubwa?

Kwa sababu kamera haijui inatazama nini. Kipimo chake cha mwanga hupokea mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, kisha hudhani kwamba eneo linalopimwa, likichukuliwa kwa wastani, ni la kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi huelezwa kuwa kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Dhana hiyo hufaa mtaani, ambako ukuta, majani, nyuso, anga na lami vimechanganyika ndani ya fremu moja. Hukwama pale fremu inapojaa rangi moja. Ukimsogelea bwana harusi mwenye kanzu nyeupe aliyesimama mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huona mwanga mwingi, hudhani kwamba umezidi, nayo huupunguza. Kanzu ikatoka na rangi ya maji ya kufulia na uso ukazama gizani. Ukimgeukia shangazi yake aliyevaa buibui, kamera huona weusi, huudhania kuwa ni upungufu wa mwanga, nayo huongeza. Buibui likapauka kama lililofuliwa miaka kumi.

Watengenezaji wamejitahidi kupunguza kosa hilo. Mwaka 1983 Nikon walitoa kamera ya FA iliyopima fremu kwa vipande badala ya kuichukua kama kitu kimoja, na upimaji wa aina hiyo ndio ambao leo huwekwa kiwandani katika karibu kila kamera, ukisaidiwa na utambuzi wa nyuso. Hata hivyo, kukisia kunabaki kuwa kukisia. Wewe unajua kwamba kanzu ni nyeupe. Kamera haijui mpaka uiambie, na karibu vipengele vyote vinavyojadiliwa hapa chini ni njia mbalimbali za kuiambia.

Njia iliyo karibu zaidi ni fidia ya mwangaza, kitufe au gurudumu lenye alama za kujumlisha na kutoa. Kanuni yake huwashangaza wanaoanza kwa sababu inakwenda kinyume na silika: penye weupe mwingi unaongeza, penye weusi mwingi unapunguza. Hatua moja kamili ni mwanga maradufu, na kamera nyingi huigawa katika theluthi. Kwa kanzu inayojaza fremu, anza na kuongeza hatua moja. Kwa buibui au suti nyeusi, anza na kupunguza theluthi mbili, kisha rekebisha kwa kadiri unavyoona. Kwenye otomatiki kamili kamera nyingi hazikupi nafasi hiyo, na kwangu mimi hiyo pekee ni sababu tosha ya kuiacha.

Tahadhari moja: kwenye kamera nyingi fidia haifutiki unapozima kamera. Niliwahi kupiga mahafali kwa karibu nusu saa nikiwa na ongezeko la hatua moja na theluthi nililolisahau tangu nikaha ya jana yake. Majoho meusi yalivumilia, lakini vyeti vilivyokuwa mikononi mwa wahitimu viligeuka karatasi tupu, na hakuna uhariri ulioweza kuyarudisha majina yao.

Nitajuaje kwamba nimeongeza au nimepunguza kiasi kinachotosha?

Usiiamini skrini. Ukiwa ndani ya ukumbi wenye giza, picha iliyo hafifu huonekana imekaa vizuri kwa sababu skrini yenyewe inang'aa. Ukiwa ufukweni saa sita mchana, unachokiona zaidi ni kivuli cha uso wako mwenyewe. Fungua histogramu. Ni mchoro unaoonyesha pikseli zilivyojipanga kutoka weusi mtupu upande wa kushoto hadi weupe mtupu upande wa kulia, na urefu wa kila nguzo ni wingi wa pikseli zenye mwangaza huo.

Walimu wengine hufundisha kwamba mlima ukiwa katikati picha ni sahihi. Si kweli. Picha ya kanzu kwenye ukuta mweupe inapaswa kuwa na mlima ulioegemea kulia, na picha ya taa za mashua usiku inapaswa kujaa kushoto. Cha kuchunga ni nguzo zilizobanana kwenye ukuta wa kulia, kwa sababu huko ndiko mishono ya kanzu na maua ya shela hupotelea. Washa pia alama za maeneo yaliyoungua, zile zinazomulika na kuzima kwenye picha uliyokwisha kuipiga, au michirizi ya pundamilia inayoonekana kabla ya kupiga kwenye kamera zilizo nayo. Jua lenyewe likimulika, liache. Paji la uso likimulika, punguza.

Je, watu wenye ngozi nyeusi wanahitaji mipangilio tofauti?

Vitufe ni vilevile, uamuzi ndio unaotofautiana. Tatizo la kawaida si ngozi bali kinachoizunguka: mtu mweusi akisimama mbele ya dirisha, bahari au ukuta mweupe, kamera hufuata mwanga wa nyuma na uso hubaki kivuli. Badili upimaji uwe wa nukta, ambao kwenye kamera nyingi hupima sehemu ndogo tu ya katikati ya fremu, elekeza nukta hiyo shavuni, kisha funga kipimo kwa kitufe cha AE-L au chenye alama ya nyota. Hapo kuna mtego wa pili. Ngozi nyeusi sana ni nyeusi kuliko kile kijivu cha kati, kwa hiyo kamera ikipima shavu peke yake itataka kulisafisha mpaka lipoteze rangi yake. Punguza kati ya theluthi moja na hatua moja, na mtu atabaki na ngozi yake.

Wanapokaa pamoja mweusi wa kahawa na mwenzake wa maji ya kunde, pima kwa yule mwenye ngozi angavu ili asiungue, na umweke mwenye ngozi nyeusi upande unaotoka mwanga. Mwanga mpana na laini, kama ule wa barazani au wa mlango mkubwa ulio wazi, huifaa ngozi nyeusi kuliko mwanga mdogo mkali, kwa sababu hung'arisha mashavu na paji kwa upole badala ya kuacha nukta nyeupe za jasho. Historia nayo haikusaidia: kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ambazo mafundi walizoea kuziita Shirley, na ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu hiyo.

Nikiacha otomatiki niende modi gani: P, A, S au M?

Nenda A, ambayo Canon huiandika Av. Hapo wewe huchagua ukubwa wa tundu la lenzi, kamera nayo hutafuta kasi inayolingana ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga. S ni kinyume chake: wewe huchagua kasi, kamera ikachagua tundu. Canon huiita Tv, kifupi cha maneno yenye maana ya thamani ya muda, ingawa nimekutana na watu waliodhani ni modi ya kupiga picha za kwenye televisheni. P ni otomatiki iliyostaarabika. Kamera hupanga vyote viwili lakini hukuachia fidia, flashi na ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga) mikononi mwako.

M imegeuzwa kuwa cheo, kana kwamba asiyeitumia si mpiga picha. Mimi naiona kama chombo cha kazi maalumu. Inafaa pale mwanga usipobadilika lakini vitu ndani ya fremu vinabadilika, kwa mfano ukumbini, studioni au jukwaani: ukishafunga kasi, tundu na ISO, fremu inaweza kuhama kutoka kwenye kanzu kwenda kwenye buibui na kurudi tena bila mwangaza kuyumba, kwa kuwa kamera haikisii tena chochote. Nje, mawingu yanapopita kila baada ya dakika mbili, M hukupa mzigo bila faida.

ISO ya juu inaharibu picha. Nisiipandishe kamwe?

Picha yenye chengachenga, zile nukta kama mchanga, huchapishika. Picha iliyocheza kwa sababu shata ilikuwa ya polepole haina tiba. Ukilazimika kuchagua, chagua chenga.

Njia nzuri ni ISO ya otomatiki yenye mipaka. Kwenye menyu weka kiwango cha juu kabisa unachokikubali, kwa mfano 6400, kisha, kama kamera yako inaruhusu, weka kasi ya chini kabisa ya shata ambayo kamera isiivuke kabla ya kupandisha ISO. Kwa watu waliosimama, 1/125 ya sekunde hutosha. Kwa wanaotembea, 1/250. Kwa ngoma ya harusi, 1/500. Kwa mechi ya mpira, 1/1000. Na usiongeze mwanga kwa kompyuta baada ya kuupiga hafifu ukidhani umekwepa chenga: chenga hutokana hasa na uchache wa mwanga uliokifikia kihisi, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, na ukiuvuta baadaye zinajitokeza, mara nyingi zikiwa mbaya zaidi katika maeneo ya giza.

Nina lenzi ya f/1.8. Kwa nini katika picha za familia baadhi ya nyuso zina ukungu?

Kwa sababu f/1.8 ni tundu pana (namba ndogo, tundu pana), na tundu pana huacha utepe mwembamba tu wa vitu vilivyo wazi. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi cha APS-C, kilicho kidogo kuliko kile cha fremu kamili, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu. Kwa f/1.8 kina cha eneo lililo wazi ni takriban sentimita 11, yaani kutoka ncha ya pua hadi karibu na sikio. Kwa f/8 kinafika nusu mita. Sasa fikiria ukoo mzima uliopangwa safu tatu, wazee wameketi, watoto mkekani, vijana wamesimama nyuma: safu hizo pekee zinachukua zaidi ya mita moja na nusu.

Rudi nyuma mita nne au tano, kwa kuwa umbali nao huongeza kina, weka tundu kwenye f/5.6 au f/8, na fokasi uiweke kwenye safu ya mbele au ya katikati, si kwa waliosimama nyuma kabisa. Waambie walio nyuma wasogee mpaka magoti yaguse viti. Kwa upande mwingine, usikimbilie f/22 ukitafuta usalama. Kwenye tundu dogo hivyo mwanga hujikunja kingoni mwa tundu na picha nzima hupoteza ukali wake.

AF-S, AF-C, AI Servo, One Shot: nichague ipi?

AF-S, ambayo Canon huiita One Shot, hufunga fokasi mara moja na kuiacha hapo. Inafaa kwa kitu kisichosogea. AF-C, au AI Servo kwa Canon, hufuatilia kitu kadiri kinavyosogea maadamu kidole kimeshikilia kitufe nusu. Bibi harusi anayeingia ukumbini anakujia. Ukitumia AF-S, kati ya wakati fokasi ilipofunga na wakati shata ilipofunguka amekwisha piga hatua, na kilicho wazi ni zulia pale alipokuwa amesimama.

Chagua pia wapi fokasi itue. Ukiacha kamera ichague yenyewe kati ya nukta zote, mara nyingi hupendelea kitu kilicho karibu zaidi, nacho kwenye harusi ni shada la maua au mkono wa ndugu unaorekodi kwa simu. Kamera mpya zenye utambuzi wa macho zimeondoa sehemu kubwa ya adha hii na nashauri kuuwasha na kuuacha umewaka, isipokuwa pale mlengwa amevaa nikabu au amejifunika shela zito, ambapo mashine inaweza kumruka ikashika mtu aliye nyuma yake. Hapo rudi kwenye nukta moja unayoisogeza wewe.

Kuna faida gani kuhamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma?

Kwa kawaida kitufe cha shata hufanya kazi mbili: kukiminya nusu ni fokasi, kukimaliza ni kupiga. Canon walianza kuzitenganisha kwenye kamera za filamu mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo karibu kila kamera ya daraja la kati inaruhusu kuiondoa fokasi kwenye shata na kuihamishia kwenye kitufe cha AF-ON kinachoangukiwa na dole gumba. Ukiacha kamera kwenye AF-C, dole gumba likishikilia inafuatilia, likiachia inasimama. Modi mbili zimekuwa moja. Kwa siku mbili tatu za mwanzo utasahau na kupiga picha za ukungu. Na ukimpa mgeni kamera akupige wewe, rudisha kwanza, la sivyo atakurudishia picha ishirini zisizo na uso hata mmoja.

Je, nipige RAW au JPEG?

JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi ya msingi, na kamera imekwisha amua rangi, ukali na utofauti kwa niaba yako. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kihisi, likiwa la biti 14 hubeba ngazi 16,384, likiwa bado halijaamuliwa lolote kati ya hayo. Tofauti huonekana pale unapookoa: anga lililokaribia kuungua au uso uliobaki kivulini hurudi kwenye RAW, na kwenye JPEG huleta madoa na mabaka. Mizani ya weupe (mpangilio unaoiambia kamera weupe ni upi), ambayo nitaieleza hapa chini, nayo hubadilishwa baadaye bila hasara yoyote.

Gharama yake ni nafasi na muda. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili moja la RAW huwa kwa kawaida kati ya megabaiti 20 na 50 kutegemea jinsi lilivyobanwa. Anayepiga pasipoti, au mwandishi wa habari anayetakiwa kutuma picha ndani ya dakika tano, hana haja nalo. Kwa harusi, tukio lisilorudiwa, napiga RAW bila kusita, na kamera ikiwa na nafasi mbili za kadi naziandikia zote mbili picha zilezile, kwa sababu kadi hufa bila kuaga.

Swali linalofuatana na hili ni kwa nini kompyuta inakataa kufungua faili za kamera mpya. Kila mtengenezaji ana muundo wake, na programu ya zamani haiujui muundo wa kamera iliyotoka baada yake. Adobe walianzisha muundo wa wazi wa DNG mwaka 2004 na wanatoa bure programu ya kugeuza RAW kuwa DNG, ambazo hata matoleo ya zamani ya programu za uhariri huzifungua.

Chini ya turubai nyuso zote zimekuwa za zambarau. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wapiga picha wa harusi, na kosa si la kamera. Turubai lililopambwa kwa vitambaa vya zambarau huchuja jua, na mwanga unaowafikia wageni ni wa zambarau kweli. Macho ya binadamu huuzoea baada ya dakika chache, kamera haiuzoei. Mizani ya weupe ya otomatiki hujaribu, lakini ikiona zambarau kila upande haina mahali pa kulinganishia.

Iambie weupe ni upi. Kabla maharusi hawajaingia, simama pale watakapoketi, shika kadi ya kijivu au karatasi nyeupe mahali uso utakapokuwa, ipige ikijaza fremu, kisha kwenye menyu chagua mizani ya weupe maalumu na uionyeshe picha hiyo. Usitumie kanzu au shela kama kipimo. Kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa bluu au kwa sabuni yenye ving'arisha si cheupe kama kinavyoonekana, na ukikipimia, ngozi zitakuwa na umanjano. Turubai likiwa na vitambaa vya rangi mbili, pima penye kiti cha maharusi na uwakubali wageni wa kando walivyo. Na kama jua linapenya upande mmoja na taa za umeme zinawaka upande mwingine, hakuna namba itakayowaridhisha wote wawili: zima taa, au wageuze watu.

Nje ya turubai, otomatiki hutosha mara nyingi, isipokuwa jua linapozama. Dhahabu ile uliyoisubiri ufukweni Forodhani, Zanzibar, kamera huiona kuwa ni kosa la rangi na kuisafisha. Chagua alama ya jua, au weka mwenyewe Kelvin (kipimo cha joto la rangi ya mwanga) 5500, na anga litabaki kama ulivyoliona. Ukitaka dhahabu zaidi panda hadi 7000. Kwenye kamera namba kubwa huleta joto, kwa sababu kamera inadhani mwanga ni wa buluu na inaupinga.

Kwa nini picha za ukumbini zina mistari myeusi na ya njano iliyolala?

Kenya, Tanzania na Uganda hutumia umeme wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutegemea hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, kwenye kamera nyingi husoma kihisi mstari baada ya mstari, hivyo baadhi ya mistari husomwa taa ikiwa imewaka vizuri na mingine ikiwa imefifia. Rudi kwenye shata ya kimakanika, tumia 1/100 au 1/50 ya sekunde, na washa kipengele cha kuzuia mpepeso kama kipo. Kwa video, fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ndizo zinazokubaliana na umeme wetu. Kamera iliyoagizwa kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, huenda ikawa imepangwa kwa fremu 30, kwa hiyo badilisha mfumo wa video kutoka NTSC uwe PAL kwenye menyu kabla ya kazi. Kwa taa za LED za jukwaani, ambazo nyingine hupepesa kwa kasi zake zenyewe, jaribu kasi kadhaa mapema. Zipo kamera zinazosoma kihisi chote kwa mpigo mmoja, kama Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023, lakini bei yake inaweza kununua pikipiki na chenji ikabaki.

Nikitumia flashi, nusu ya picha inakuwa nyeusi. Flashi imeharibika?

Haijaharibika. Shata ya kimakanika ina mapazia mawili: la kwanza hufungua, la pili hufuata kufunga. Kwenye kasi ya hadi takriban 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, kuna nukta ya muda ambayo kihisi chote kiko wazi, na flashi hupiga hapo. Ukizidisha kasi, pazia la pili huondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, ukabaki mwanya unaotembea. Flashi inapopiga, sehemu iliyo nyuma ya pazia haipati kitu. Punguza kasi, au washa HSS (usawazishaji wa kasi ya juu) kwenye flashi inayoiweza, ambayo hupiga mipigo mingi midogo wakati mwanya unapita. HSS ni mkombozi kwa picha za ufukweni mchana wa jua kali, lakini hula betri na kupunguza nguvu ya flashi, hivyo msogelee unayempiga.

Kosa jingine ni kuielekeza flashi moja kwa moja usoni. Ielekeze kwenye dari jeupe au ukuta wa pembeni. Chini ya turubai hakuna dari la kugongea, na kile kitambaa cha zambarau kikigongwa kitakurudishia zambarau. Hapo tumia kitambaa au sanduku la kulainisha mwanga mbele ya flashi, na ushushe fidia ya flashi, ambayo ni tofauti na ile ya mwangaza, kwa theluthi mbili ili mtu asionekane amebandikwa juu ya usiku. Teremsha pia shata hadi 1/60 na ISO ipande kidogo, ili taa za mapambo nyuma yake zionekane.

Kiimarishaji kwenye lenzi kinasaidia kiasi gani?

Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji ngoma. Teknolojia hii iliingia kwenye lenzi za kubadilisha mwaka 1995, kwa lenzi ya Canon ya milimita 75 hadi 300, na leo hukuwezesha kupiga jengo usiku bila miguu mitatu. Mbugani, ukiwa na lenzi ndefu, mwombe dereva azime injini kwanza, na uegemeze lenzi kwenye mfuko wa mchele au maharage ulioulaza dirishani. Kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi za zamani huweza kujitikisa zenyewe, kwa hiyo kizime.

Nichague sRGB au Adobe RGB?

Hizi ni nafasi za rangi, yaani wigo wa rangi ambazo faili linaweza kubeba. Chagua sRGB. Simu, tovuti na maabara nyingi za kuchapisha huitarajia hiyo, na picha ya Adobe RGB ikifunguliwa mahali pasipoielewa hutoka imefifia.

C1, C2 au U1 kwenye gurudumu ni za nini?

Ni visanduku vya kuhifadhi mipangilio yako yote kwa pamoja, na ni kipengele ninachokithamini kuliko vingi vinavyotajwa kwenye matangazo. Changu cha kwanza ni cha nje: A, f/4, AF-C, ISO ya otomatiki yenye kasi ya chini ya 1/250. Cha pili ni cha ukumbini: M, 1/100, f/2.8, shata ya kimakanika. Bibi harusi anapotoka juani na kuingia ukumbini, nazungusha gurudumu mara moja tu. Kwenye kamera nyingi, mabadiliko unayoyafanya katikati ya kazi hayabaki: ukizima na kuwasha, sanduku hurudi kama lilivyohifadhiwa. Lingekuwa hivyo siku ya mahafali yale, vyeti vingesomeka.

Nimevuruga menyu na sijui nimegusa nini. Nirudishe vipi?

Kila kamera ina amri ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, kwa kawaida kwenye ukurasa wa menyu wenye alama ya spana. Soma kwanza inachofuta, kwa kuwa baadhi ya kamera zina ngazi mbili, moja ikigusa mipangilio ya kupigia tu na nyingine ikifuta hadi lugha, saa na visanduku vya C1 na C2. Kama kamera yako inaruhusu kuhifadhi mipangilio kwenye kadi ya kumbukumbu, ihifadhi siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, kisha nakili faili hilo kwenye kompyuta. Likibaki kwenye kadi peke yake, litaondoka siku utakapoifomati kadi hiyo.